Mgeni na Jembe

Katika uwanda wa kati wa Tanzania mvua ni mgeni asiyetoa miadi. Huja mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine huja ikapita bila kukaa. Kwa sababu hiyo watu wa Ugogo walijifunza tangu kale kitendo ambacho lugha imekipa jina lake: kuhemea. Kuhemea ni kuondoka nyumbani wakati wa upungufu kwenda kutafuta nafaka mahali ilipo. Katika njaa kuu ya mwaka 1917 mpaka 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, majeshi ya vita vya wageni yalikuwa yamekwisha kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, kisha mvua nayo ikakosa. Watu wengi walitoka wakaenda mbali, na wengi hawakurudi.

Mwenye kuhemea hakuhesabiwa kuwa mwizi, wala hakuhesabiwa kuwa mwombaji. Alieleza shida iliyomleta na kutoa alichokuwa nacho, iwe ni mbuzi au nguvu za mikono yake, ndipo akapewa nafaka ya kurudi nayo. Shida yake ilikuwa wazi na malipo yake yalikuwa wazi. Heshima yake ilisimama juu ya uwazi huo.

Waswahili nao wana methali inayoeleza wajibu wa upande wa pili, yaani upande wa mwenyeji: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi methali hii husemwa kwa kumcheka mgeni mvivu, kana kwamba jembe ni fimbo ya kumfukuzia. Lakini ikitazamwa vema, ina heshima kubwa ndani yake. Anayepewa jembe ameaminiwa shamba. Ameacha kuwa mtu wa kulishwa, amekuwa mmoja wa walishaji. Jembe, basi, lina maana mbili kwa pamoja: ni kazi, na ni nafasi miongoni mwa watu.

Siku hizi kuhemea kumebadili sura. Anayeondoka Dodoma leo huenda hana mbuzi, ana shahada. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa juu ya vilima vya Chimwaga, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kikaanza mahali palipokuwa pa Shule ya Sekondari ya Mazengo. Mpwapwa iko na chuo chake cha ualimu cha tangu zamani. Vyuo hivi na vingine vya nchi nzima hutoa walimu wengi kuliko nafasi za kazi zinazotangazwa. Wako vijana wenye shahada ya elimu wanaojitolea katika shule kwa posho ndogo, na wako wanaouza duka la ndugu zao huku vyeti vimefungwa ndani ya bahasha sandukuni. Miongoni mwao wamo waliosomea Kiingereza. Hao husikia kwamba katika Hispania, Italia, Poland na Ucheki lugha hiyo inatafutwa kwa fedha. Kisha hujiambia neno ambalo si la kijinga: Kiingereza ndicho walichosomeshwa nacho tangu kidato cha kwanza, ndicho walichoandikia mitihani, na ndicho walichojifunza kukifundisha. Kwa nini mali hiyo isiuzwe sokoni inakotakiwa?

Hapo ndipo linapozaliwa swali la maadili. Je, mwenye elimu na mwenye shida anaweza kulishika jembe ambalo mwenyeji hakumpa?

Swali hili lina uzito kwa sababu Ulaya imeigeuza methali juu chini. Mgeni wa matembezi katika nchi za Schengen anaweza kukaa siku 90 katika kila siku 180, ale, alale na kutumia fedha zake. Lakini viza hiyo haimpi ruhusa ya kufanya kazi. Siku ya tatu hapewi jembe, wala siku ya tisini. Anayetaka jembe sharti aliombe kabla ya kuondoka kwao, na katika nchi nyingi mwajiri naye hutakiwa kwanza kueleza kwa nini hakumpata mtu wa kufaa ndani ya Umoja wa Ulaya. Kwa kazi ya kufundisha Kiingereza jibu hilo ni gumu, maana Mwairishi na Mmalta ni watu wa Umoja huo, na lugha hiyo ni ya serikali katika nchi zao. Hata Mwingereza, ambaye lugha imechukua jina la kwao, tangu tarehe 1 Januari 2021 amekuwa mgeni katika bara hilo, naye huhitaji kibali ili afundishe Madrid au Paris. Asiyejua jambo hili huweza kudhani kwamba mlango umefungwa kwa Mwafrika peke yake. Kwa kweli umefungwa kwa wengi, ingawa si wote hufungiwa kwa kufuli moja.

Kufuli la Mwafrika lina ufunguo wa ziada. Uingereza ina orodha ya nchi zinazohesabiwa kuwa wakazi wake wengi ni wasemaji wa Kiingereza, ambao raia wake hawaulizwi ushahidi wa kukijua. Katika orodha hiyo hamna nchi hata moja ya bara la Afrika. Mwezi wa Februari 2023 nchi hiyo hiyo iliongeza idadi ya mahali ambako mwalimu aliyehitimu anaweza kuomba cheo cha ualimu kinachotambuliwa Uingereza. Ghana, Nigeria, Afrika Kusini na Zimbabwe zilitiwa, Tanzania haikutiwa. Huko barani nako shule nyingi za lugha hutangaza kwamba zinamtaka mzawa wa lugha, kana kwamba ualimu hunyonywa pamoja na maziwa. Tume ya Ulaya yenyewe ilieleza mwaka 2002 kwamba kudai lugha ya mama katika ajira si haki, na kwamba kinachofaa kudaiwa ni ujuzi. Lakini iliyasema hayo kwa ajili ya wafanyakazi wa nchi zake.

Dodoma inaweza kutoa ushahidi juu ya udhaifu wa kipimo hicho. Mwalimu mzuri wa Kiswahili katika wilaya zake huenda alinyonya Kigogo, Kirangi au Kisandawe, na Kiswahili akakipata shuleni na sokoni. Hakuna amwulizaye lugha ya mama yake. Wanafunzi wake humpima kwa uwezo wa kufafanua, na uwezo huo mara nyingi ni mkubwa kwa mtu aliyeipanda lugha kama mlima kuliko kwa yule aliyezaliwa kileleni, ambaye hakuona njia.

Msomaji aliyefika hapa atakuwa ameanza kumwonea huruma kijana yule, na kuona kwamba sheria ya namna hii haistahili kutiiwa. Wako wanaosema hivyo kwa nguvu. Husema kwamba njaa haina sheria. Kwamba mpaka ni mstari uliochorwa na wenye nguvu. Na kwamba Wazungu walipokuja Afrika hawakuomba kibali kwa mtu. Hoja hii ya mwisho ndiyo inayovuta moyo zaidi, na kwa hiyo inafaa ipimwe kwa mizani ya Ugogo wenyewe.

Katika karne ya kumi na tisa watemi wa Ugogo walitoza ada kwa kila msafara uliopita kati ya pwani na Unyamwezi. Nchi ilikuwa kavu, maji yalikuwa machache, na mwenye msafara wa mamia ya watu alikunywa visima vya wenyeji. Ada hiyo iliitwa hongo. Ilikuwa sheria ya mwenyeji: wapitaji waliijua, waliilalamikia, walibishana juu ya kiasi chake, kisha wakailipa. Mwaka 1890 Carl Peters alipita Ugogo na bunduki zake. Hakutaka kulipa, alipigana na Wagogo na kuchoma vijiji vyao. Basi anayesema kwamba Mwafrika leo ana haki ya kupita bila ruhusa kwa kuwa Mzungu alipita bila ruhusa, amemchagua Peters kuwa mwalimu wake. Ubaya uliotendwa Ugogo ulikuwa ni huo hasa wa mgeni kuidharau sheria ya mwenye nchi. Mtu hawezi kuulaani ubaya huo kwa mdomo na kuurithi kwa mikono.

Neno hongo nalo limebeba mafundisho. Lilikuwa jina la ada ya njia iliyotozwa hadharani. Leo ni jina la rushwa. Kilichobadilika si kitendo cha kutoa mali ili upite, bali ni mwanga. Kilichotolewa mbele ya watu kwa kanuni inayojulikana kilikuwa ada; kinachotolewa gizani kwa mtu mmoja ni uovu. Tofauti kama hiyo ndiyo iliyopo kati ya kibali na ujanja. Kijana anayeuziwa barua ya kazi ya uongo, au anayefundishwa na dalali kusema kwamba anakwenda kutembea ilhali anakwenda kufanya kazi, amelipa hongo kwa maana mpya ya neno, na njia aliyoinunua si njia.

Hasara ya ujanja huo humpata kila mfanyakazi, lakini humpata mwalimu kuliko wengine. Mjenzi akijenga bila kibali, ukuta wake husimama wima vilevile. Mwalimu bidhaa yake ni neno lake. Darasa zima hukaa juu ya imani kwamba anayosema ni kweli, na kwamba jina alilojiita ni lake. Aliyeingia kwa maelezo ya uongo huwa ameweka uongo chini ya kila somo analofundisha, na hata asipogunduliwa, yeye mwenyewe anajua. Tena, uongo una mmiliki wa pili. Mwajiri anayeujua huushika kama kamba: humlipa nusu, humzidishia saa, humnyima likizo, na neno moja la kutishia kumripoti humaliza ubishi. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2009 linawaadhibu waajiri wa namna hiyo, na linataka mfanyakazi asiye na kibali alipwe ujira wake uliozuiwa. Pasipo ushahidi wa muda aliofanya kazi, huchukuliwa kuwa alifanya miezi isiyopungua 3. Ni sheria njema. Lakini mtu aliyejificha hana mahali pa kusimama adai. Haki humtafuta mchana, naye ametoka usiku.

Kwa hiyo jembe la kunyang'anya halilimi. Hata hivyo ingekuwa wepesi wa fikra kuishia hapo na kumwambia kijana afuate sheria, kana kwamba sheria ikifuatwa kila kitu kimekuwa sawa. Historia ya walimu wa Afrika Mashariki katika Ulaya inakataza wepesi huo.

Mtoro bin Mwinyi Bakari alitoka Bagamoyo akafika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1887. Hakuingia kwa mlango wa uani. Chuo kilimhitaji na kikampa kazi. Kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli kilitoka mwaka 1903 kwa jina la mhariri Carl Velten, ilhali sehemu kubwa yake ni kalamu ya Mtoro. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani. Walipofunga safari ya kwenda Afrika Mashariki, wakuu wa koloni waliwakatalia kushuka Dar es Salaam na kuishi pamoja, wakarudi Ujerumani. Baadaye alifanya kazi ya lugha Hamburg, na mwaka 1927 akafa Berlin. Mtu huyu alikuwa na jembe halali mkononi. Alichonyimwa ni ile maana ya pili ya jembe, nafasi miongoni mwa watu. Alinyimwa ugenini, akanyimwa hata katika bandari ya kwao.

Aliyemfuata alipatwa na makubwa zaidi. Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 na kupelekwa vitani angali mtoto, alifika Berlin mwaka 1929 kudai mshahara wa baba yake na wake mwenyewe uliobaki tangu vita. Alipata kazi ya kuhudumia mezani, akaigiza katika filamu, na akawa msaidizi wa lugha ya Kiswahili katika chuo kile kile cha Berlin kwa ujira mdogo. Mwaka 1941 utawala wa Nazi ulimkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1944 alikufa katika kambi ya Sachsenhausen. Waliotaka ulimi wake hawakumtaka yeye.

Mifano hii haiondoi wajibu wa kufuata sheria, bali inaonyesha kwamba wajibu huo una pande mbili. Mgeni anapaswa kungoja jembe, na mwenyeji anapaswa kulitoa bila kudanganya. Nchi inayotaka mavuno ya mwalimu na kumnyima kibali imevunja methali. Nchi inayompa kibali na kumnyima heshima nayo imeivunja, kwa njia ya siri zaidi. Katika mizani hii haifai kusahau kwamba mambo yamesogea. Tangu tarehe 1 Juni 2024 Ujerumani hutoa kadi iitwayo Chancenkarte, ambayo humruhusu mtu mwenye shahada au ufundi unaotambuliwa kukaa mpaka mwaka mmoja akitafuta kazi, na kufanya kazi kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati anatafuta, alimradi aonyeshe fedha za kujikimu na ujuzi wa Kijerumani au Kiingereza. Mwenye shahada wa Dodoma anaweza kuiomba kwa jina lake halisi. Fedha hizo za kujikimu ni nyingi kwa mtoto wa mkulima wa uwele, na hilo ni dhuluma ya aina nyingine. Lakini mlango wenyewe uko mbele ya nyumba.

Tena hapana mtu aliye mgeni tu maisha yake yote. Tanzania nayo ni mwenyeji. Shule zake nyingi za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza zimewahi kuajiri walimu kutoka Kenya na Uganda, na Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inawataka wawe na kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, na inamtaka mwajiri aandae mpango wa kumfundisha Mtanzania atakayeshika nafasi ile. Wako Watanzania wanaoona sheria hiyo ni ya haki, na miongoni mwao huenda wamo wenye shahada wasio na kazi. Basi kijana yule yule anayetaka mwalimu wa Kampala aonyeshe kibali Dodoma, hawezi kusema kibali ni dhuluma anapofika Prague. Na akiwa Prague akatamani apewe nafasi kwa ujuzi wake bila kuulizwa alikozaliwa, amejifunza namna ya kumtazama mwalimu wa Kampala atakaporudi. Kipimo ni kimoja kwa mikono yote miwili.

Pamoja na hayo yote, deni kubwa kuliko yote limelala nyumbani. Serikali ilihamishia makao yake Dodoma baada ya azimio la mwaka 1973 na tangazo la mwaka 2016, na sheria ya mwaka 2018 ikaupa mji huo cheo chake. Majengo ya wizara yamesimama Mtumba, na vyuo vimesimama Chimwaga, safari fupi baina yao. Katika safari hiyo fupi yuko mwalimu anayejitolea mwaka wa tatu, huku darasani kwake wamo watoto wengi kuliko madawati. Kazi ipo, mfanyakazi yupo, na jembe halijatolewa. Nchi isiyompa mtoto wake jembe haina ulimi wa kumlaumu akienda kuliomba kwa jirani. Inaweza tu kumsihi aliombe kwa uaminifu, na kumsaidia asianguke mikononi mwa madalali. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaeleza kwamba mawakala wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada. Kijana anayeombwa mamilioni kabla ya kuona mkataba na jina la shule anaweza kuanza kushuku hapo hapo, na mzazi aliyekusudia kuuza ng'ombe anaweza kuwaacha ng'ombe wakaendelea kula.

Msaada mwingine ni kumkumbusha mali aliyo nayo. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika mwaka 2019, na mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani. Lugha hii hufundishwa London, Hamburg, Leipzig, Bayreuth, Napoli na Warsaw, na Baraza la Kiswahili la Taifa huwaandaa walimu wa kuwafundisha wageni. Nafasi hizo ni chache na hazitamaliza shida ya mtu mmoja kwa mia. Lakini anayeziomba haendi kuulizwa kama ni mzawa wa lugha ya mtu mwingine.

Mtu mwenye busara atapima mambo matatu kabla ya kufunga safari. Atapima kama anakwenda kwa jina lake. Atapima kama kazi aliyoahidiwa inaweza kutajwa mbele ya ofisa wa ubalozi na mbele ya mama yake kwa maneno yale yale. Kisha atapima kama anachokwenda kutafuta ni nafaka ya kurudi nayo, ama ni kuikimbia nyumba inayovuja. Mambo mawili ya kwanza yakiwa sawa, la tatu ni lake na la moyo wake, wala hakuna sheria ya Ulaya au ya Afrika inayoweza kulijibu kwa niaba yake. Wazee waliokwenda kuhemea waliliona jambo hilo kwa urahisi zaidi: aliyeondoka mchana aliagwa, na kwa kuwa aliagwa, kulikuwa na watu waliokaa wakimngoja.